Ndege za majini zilizokatiza anga ya nchi ya chai

CHEPSEON ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Kericho, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho na Kisumu. Wakazi wake wanajulikana kwa chai, maziwa na viazi, wala si kwa mambo ya urubani. Bahari iko mbali nao. Hata hivyo, anga ya nyanda hizi za juu ina historia ambayo vijana wengi wa leo hawajapata kusimuliwa. Kuanzia mwaka 1937, ndege zilizoundwa kutua majini peke yake, zisizo na gurudumu hata moja la kutulia nchi kavu, zilivuka nchi hii ya milima zikitoka Ziwa Victoria kwenda Mombasa.

Ndege hizo hazipo tena. Katika nchi nyingine, hata hivyo, ndege za kale za majini na za nchi kavu zimefufuliwa na mafundi, zinaruka, na watu husafiri mwendo mrefu ili kuzitazama na kuzisikiliza. Makala haya yanaeleza ndege hizo zilikuwa za namna gani, zilipitia wapi katika Afrika Mashariki, zipi zimesalia, na mambo ambayo mtazamaji anapaswa kuyajua ili azifurahie kwa macho yaliyofunguka.

Mashua yenye mabawa

Ndege za majini ni za aina tatu. Ya kwanza ni ndege ya maboya, ambayo ni ndege ya kawaida iliyoondolewa magurudumu na kufungwa maboya mawili marefu chini yake. Ya pili ni ndege-mashua, ambayo kiwiliwili chake chenyewe ndicho mashua: tumbo lake huingia majini, na abiria huketi ndani ya mashua hiyo. Ya tatu ni ile yenye uwezo wa kutua majini na nchi kavu pia, kwa kuwa ina magurudumu yanayokunjwa.

Tumbo la ndege-mashua halikulainishwa moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma. Katikati yake pana ngazi, yaani mahali ambapo sakafu ya chini inakatika ghafla na kupanda juu kidogo. Maji yana tabia ya kushikilia kitu laini kinachopita juu yake. Ngazi hiyo huingiza hewa kati ya tumbo na maji, na mshiko huo hukatika. Ndiyo maana mtazamaji aliye ufukweni huona ndege ikianza kwa kuzama na kurusha povu pande zote, kisha ikiinuka na kuteleza juu ya maji kama mtelezo wa jiwe bapa, na hatimaye kuachana nayo.

Mgeni wa mambo haya hudhani kwamba ziwa lililotulia kama kioo ndilo bora zaidi. Marubani wanajua kinyume chake. Maji yasiyo na mawimbi hushikilia tumbo la ndege kwa nguvu zaidi, na wakati wa kutua rubani hawezi kukadiria kimo chake, kwa kuwa haoni uso wa maji bali anaona mbingu iliyoakisiwa humo. Kwa sababu hiyo motaboti ilitangulia kupita kwenye njia ya ndege ili kuyatibua maji, na papo hapo kuondoa magogo, mitumbwi na viboko.

Kutoka Rufiji hadi Kisumu

Afrika Mashariki ilizijua ndege za majini mapema. Mwishoni mwa mwaka 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika delta ya Rufiji, Waingereza walileta ndege-mashua ndogo aina ya Curtiss kutoka Durban, ikiendeshwa na rubani wa kiraia Dennis Cutler, ili iitafute kutoka angani. Ndege nyingine za maboya zilifuata mwaka 1915. Joto na unyevunyevu wa pwani viliziumiza vibaya, lakini kazi yao ya upelelezi ilichangia kuangamizwa kwa manowari hiyo mwezi Julai 1915. Mwaka uliofuata, Wabelgiji walitumia ndege za maboya aina ya Short katika Ziwa Tanganyika na kuupiga mabomu mji wa Kigoma.

Baada ya vita hivyo, wapelelezi wa njia za anga walifika kwa shughuli za amani. Mswisi Walter Mittelholzer alisafiri kutoka Zürich hadi Cape Town kati ya Desemba 1926 na Februari 1927 kwa ndege ya maboya aina ya Dornier Merkur, akiufuata mto Nile na maziwa makuu, huku akipiga picha za nchi alizopita. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Alan Cobham aliizunguka Afrika kwa ndege-mashua kubwa aina ya Short Singapore.

Safari za ratiba zilianza mwishoni mwa Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ilipofungua njia ya kutoka London hadi Mwanza. Kutoka Khartoum kuja kusini, abiria na barua walichukuliwa na ndege-mashua aina ya Short Calcutta, na Kisumu ikawa miongoni mwa vituo. Mwaka 1932 njia hiyo ilirefushwa hadi Cape Town kwa ndege za nchi kavu zilizopitia Nairobi.

Badiliko kubwa lilikuja mwishoni mwa Juni 1937. Serikali ya Uingereza iliamua kwamba barua za makoloni zisafirishwe kwa ndege kwa nauli ya kawaida. Kwa kazi hiyo kiwanda cha Short Brothers mjini Rochester kiliagizwa kuunda ndege-mashua mpya 28 kabla hata ya moja kujaribiwa. Kwa jumla zilijengwa 42. Kila moja ilikuwa na injini nne, upana wa mabawa wa mita 34 na nusu hivi, na uzito wa tani 18 hivi ikiwa imepakiwa. Ilikwenda mwendo wa kilomita 265 hivi kwa saa, na ndani yake mlikuwa na mahali pa kusimama na kutazama nje kupitia madirishani. Ya kwanza, Canopus, iliruka mwezi Julai 1936.

Njia yake ilianzia Southampton, ikapita Misri na Sudan, ikatua Port Bell nchini Uganda na kisha Kisumu. Kutoka Kisumu ilielekea Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, halafu Msumbiji hadi Durban. Vituo vyote hivyo ni vya majini, na kati ya Kisumu na Mombasa ndege ilikuwa juu ya nchi kavu muda wote.

Msomaji achukue ramani na rula, achore mstari ulionyooka kutoka Kisumu hadi Mombasa. Mstari huo utapita kati ya mji wa Kericho na mji wa Bomet, na Chepseon itakuwa upande wa kaskazini, si mbali nao. Rubani hakulazimika kuufuata mstari huo kama reli, kwa kuwa mawingu na milima vilimwamulia mengi. Hata hivyo mlima wenyewe hakuweza kuukwepa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali nyanda za chai zinapita mita 2,000 na safu ya Mau inapanda zaidi ya hapo. Kwa mwendo wa kilomita 265 kwa saa, kutoka Kisumu hadi Kericho ni robo saa tu. Ndani ya muda huo rubani alihitaji kuinua tani 18 kutoka majini na kuzipandisha juu ya milima, katika hewa nyepesi inayopunguza nguvu za injini na uwezo wa mabawa.

Mkulima wa Kericho anajua jambo jingine lililowahusu marubani hao. Unyevu wa ziwa hupanda milima, ukakutana na joto la mchana, na alasiri hunyesha mvua ya mawe inayochanachana majani chai. Mawingu hayo hayo ni hatari kwa ndege. Ndege ya miaka hiyo haikuwa na rada ya kuonyesha dhoruba, wala haikujazwa hewa ndani ili ipande juu ya mawingu na abiria waendelee kupumua kwa raha.

Ndege iliyokaa mtoni miezi kumi

Kisa kinachoeleza vyema maana ya kuifufua ndege kilitokea baada ya ndege kuondoka Ziwa Victoria. Tarehe 14 Machi 1939, ndege-mashua Corsair iliyokuwa ikielekea kaskazini ilipotea njia, baada ya chombo chake cha kuonyesha mwelekeo wa redio kuwa na hitilafu. Mafuta yakawa karibu kwisha. Rubani wake, Kapteni Alcock, aliishusha kwenye mto mwembamba uitwao Dungu, karibu na Faradje, kaskazini-mashariki ya Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji. Ndege iligonga mwamba na tumbo lake likapasuka, lakini hakuna aliyepoteza maisha.

Mafundi waliletwa kutoka Uingereza wakaanza kazi porini. Mwezi Julai mwaka huo huo Corsair ilijaribu kuruka, ikagonga mwamba tena. Kazi ikaanza upya, na katikati ya kazi hiyo Vita Vikuu vya Pili vikazuka Ulaya. Maji ya mto yalikuwa machache mno kwa ndege kupata mwendo. Ikaamuliwa kwamba, kwa kuwa ndege haiwezi kupelekwa kwenye maji, maji yaletwe kwenye ndege. Mamia ya wenyeji walitumika kujenga bwawa la kuinua kina cha mto. Tarehe 6 Januari 1940, miezi kumi baada ya kuanguka, Corsair iliruka mikononi mwa Kapteni Kelly-Rogers na kwenda zake. Ilifanya kazi hadi mwaka 1947 ilipovunjwa na kuuzwa vyuma.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, majina ya marubani na ya wahandisi yameandikwa vitabuni, lakini ya wale waliobeba mawe na magogo ya bwawa hayatajwi. Pili, ndege iliyogharimu jasho lote hilo ilivunjwa miaka saba tu baadaye, bila mtu kuona kwamba siku moja ingetamaniwa. Hali ilikuwa hiyo kwa zote. Kati ya ndege-mashua 42 za kundi hilo, hakuna hata moja iliyohifadhiwa nzima popote duniani.

Kipevu, Naivasha na mwisho wa zama

Wakati wa vita, ndege-mashua nyingine ziliingia pwani yetu. Kikosi cha 209 cha jeshi la anga la Uingereza kilikuwa na kambi Kipevu, Mombasa, na kingine cha 259 kilifanya kazi kutoka Dar es Salaam. Vyote viwili vilitumia ndege aina ya Catalina, iliyobuniwa Marekani na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Kazi yao ilikuwa kulinda misafara ya meli na kuwinda nyambizi katika Bahari ya Hindi. Catalina haikuwa na mwendo wa kujivunia, lakini iliweza kukaa angani zaidi ya saa 15 bila kutua.

Vita vilipokwisha, shirika la BOAC lilirejesha safari za kiraia mwaka 1948 kwa ndege-mashua aina ya Solent, zenye ghorofa mbili na nafasi ya abiria 34, kutoka Southampton hadi bwawa la Vaal karibu na Johannesburg. Katika miaka ya mwisho ya safari hizo, Ziwa Naivasha lilikuwa kituo cha Kenya. Wasafiri wa Nairobi walishukia huko, kisha wakapelekwa mjini kwa barabara.

Mwezi Novemba 1950 safari hizo zilikoma. Vita vilikuwa vimeacha viwanja vya lami kila mahali, na ndege za magurudumu zikawa na mwendo zaidi na gharama ndogo zaidi. Ndege-mashua ilibeba tumbo zito la mashua angani bila faida, na ilihitaji motaboti, maboya ya kuifungia, taa za majini na wapiga mbizi. Hoja ya fedha ilishinda.

Mabawa mawili ya Nairobi

Ndege za kale za Kenya hazikuwa za majini peke yake. Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, akiwa na rubani Tom Campbell Black, na jina lake ndilo linalobebwa na uwanja wa Wilson jijini Nairobi hadi leo. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, ng'ambo ya pili ya safu ya Mau ukitoka Chepseon, alijifunza urubani hapa nchini. Mwezi Septemba 1936 aliivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akatua kwa dharura kwenye kinamasi nchini Kanada.

Ndege za zama hizo zilikuwa za mbao na kitambaa, nyingi zikiwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine. Zilikuwa rahisi kutengenezwa, lakini hazikuwa na huruma. Mei 14, 1931, Denys Finch Hatton na mtumishi wake Kamau walifariki ndege yao aina ya Gipsy Moth ilipoanguka Voi. Mwaka 1985 filamu iliyotokana na maisha ya Karen Blixen ilitumia Gipsy Moth ya manjano iliyojengwa mwaka 1929. Ndege hiyo ya filamu iliuzwa kwenye mnada mjini Paris mwaka 2013.

Shirika la East African Airways nalo lilianza mwaka 1946 kwa ndege sita aina ya De Havilland Dragon Rapide, zenye mabawa mawili na injini mbili. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977. Ndege za aina hiyo hazikufa zote. Katika uwanja wa Duxford nchini Uingereza, Dragon Rapide imekuwa ikiwabeba abiria wanaolipa nauli ili waonje safari kama alizosafiri mtu wa Nairobi mwaka 1946.

Zilizosalia duniani

Mpenzi wa ndege-mashua ana mahali pachache pa kwenda. Solent moja iko katika makumbusho ya Oakland, Marekani, na nyingine iko Auckland, New Zealand. Hazijaruka kwa miaka mingi. Sunderland, ndege ya kivita ya ukoo huo huo, zimebaki chache na zote zimetua kwa kudumu.

Catalina ina bahati zaidi. Zilijengwa zaidi ya 3,000, na kwa kuwa baada ya vita zilifaa kuzima moto wa misitu na kubeba mizigo, nyingi ziliendelea kutunzwa. Baadhi yake ziliweza kuruka hadi karne hii, mojawapo ikiwa na makao Duxford. Kazi ya kuzima moto ndiyo iliyoziokoa pia ndege-mashua mbili kubwa mno aina ya Martin Mars, zenye mabawa ya upana wa mita 61. Moja iliruka mara ya mwisho Agosti 2024 kwenda makumbusho nchini Kanada, na nyingine ilipelekwa Arizona, Marekani, Februari 2025. Maelfu ya watu walijipanga ufukweni kuiaga ya kwanza.

Hapa panaonekana kanuni moja. Ndege iliyopata kazi nyingine baada ya kazi yake ya kwanza ndiyo iliyopona. Ndege-mashua za Kisumu hazikupata kazi ya pili, kwa hiyo zilikatwakatwa.

Mwaka 2016 Afrika Mashariki ilitembelewa na msafara wa ndege za mabawa mawili zilizoundwa kwa mitindo ya miaka ya 1920 na 1930. Msafara huo uliondoka kisiwa cha Krete mwezi Novemba, marubani wakazuiliwa kwa muda huko Gambela nchini Ethiopia, kisha wakaendelea kupitia Kenya na Tanzania hadi Cape Town mwezi Desemba. Waliofika viwanjani waliona jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha: udogo wa vyombo ambavyo marubani wa zamani walivukia bara zima.

Iruke au ihifadhiwe?

Wapenzi wa ndege za kale wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba ndege isiyoruka ni mzoga, kwa sababu sauti yake, harufu ya mafuta yake na ujuzi wa kuiendesha hufa pamoja. Fundi asiyeitengeneza ndege husahau namna ya kuitengeneza, na elimu hiyo haimo yote vitabuni. Wengine hujibu kwamba ndege ikianguka hupotea milele, pamoja na watu.

Hoja ya pili si ya woga mtupu. Tarehe 19 Desemba 2005, ndege ya majini aina ya Grumman Mallard iliyojengwa mwaka 1947 iliachwa na bawa la kulia muda mfupi baada ya kuruka karibu na Miami, Marekani. Watu wote 20 waliokuwamo walifariki. Wachunguzi walikuta nyufa zilizotokana na kuchoka kwa chuma, na wakaulaumu utunzaji. Agosti 4, 2018, ndege aina ya Junkers Ju 52 ya mwaka 1939 ilianguka katika milima ya Uswisi na kuua watu 20, na uchunguzi uliona kwamba marubani waliiendesha kwa hatari mno. Oktoba 2, 2019, ndege ya kivita aina ya B-17 ilianguka Connecticut, Marekani, na watu saba wakafa. Mwaka uliofuata wakuu wa usafiri wa anga waliinyima taasisi iliyoimiliki ruhusa ya kubeba abiria.

Ajali hizo tatu hazikuwa na sababu moja. Kwa hiyo umri peke yake hautoshi kuihukumu ndege. Ndege ya miaka 80 iliyobomolewa, ikakaguliwa kila kiungo, ikabadilishwa ribiti zilizooza na kuangaliwa kwa vyombo vya kugundua nyufa, inaweza kuwa salama kuliko ya miaka 20 iliyotelekezwa. Kwa ndege ya majini kazi ni maradufu. Chumvi hula alumini, hivyo hulazimu kuoshwa kwa maji baridi baada ya kila safari ya baharini, na tumbo lake hupigwa pampu kila siku kutoa maji yaliyovuja.

Namna ya kuzifurahia

Mtazamaji mwenye maarifa huona mengi kuliko mwenzake. Haya ni baadhi ya mambo ya kuangalia.

Fika mapema, kabla injini haijawashwa. Ndege nyingi za kale zina injini za duara, ambazo mitungi yake imepangwa kama miali ya jua. Oili hushuka na kukusanyika katika mitungi ya chini. Ndiyo sababu fundi huizungusha rafadha kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuwasha, ili oili isije ikavunja injini. Moshi wa buluu unaotoka mwanzoni si dalili ya ubovu, bali ni oili hiyo inayoungua.

Sikiliza. Injini ya duara hunguruma kwa pumzi nzito za kupokezana, tofauti kabisa na mlio mkali wa ndege za leo. Ikiwa ndege ina injini zaidi ya moja, utasikia sauti ikipanda na kushuka kama wimbi, mpaka rubani azilinganishe rafadha zote zizunguke kwa kasi moja.

Kwa ndege ya majini, simama mahali unapoweza kuitazama kwa ubavu. Tazama wakati inapoteleza juu ya ngazi yake, kisha hesabu sekunde hadi ya mwisho ya tone kudondoka. Ukiwa nyuma yake hutaona chochote ila povu.

Kabla ya kupanda, uliza. Hapa Kenya kila ndege hudhibitiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Abiria ana haki ya kujua kama ndege ina cheti cha kuruka, kama imeruhusiwa kubeba watu kwa malipo, na kama kuna bima. Ndege nyingi za kale duniani zimeruhusiwa kuruka bila kuruhusiwa kuchukua abiria wa kulipa, na tofauti hiyo si ndogo. Mwenye ndege anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kukujibu.

Vaa vizuri. Chumba cha wazi cha ndege ya mabawa mawili ni baridi hata juu ya nchi ya joto, na juu ya Mau ni baridi zaidi.

Kilicho mikononi mwetu

Kisumu na Naivasha bado zina maji yake, ingawa gugumaji linalotanda katika ghuba ya Winam lingemsumbua rubani kuliko kiboko yeyote wa mwaka 1937. Ndege zenyewe zimekwisha, na hakuna fundi awezaye kufufua kitu ambacho hakikubakizwa hata kipande.

Kilichobaki ni kumbukumbu za watu, nazo ndizo zinazopotea kwa kasi. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi Solent ya mwisho ilipoondoka mwaka 1950, leo amepita miaka 80. Aliyeziona zile za mwaka 1937 akiwa na akili timamu anakaribia miaka 100, kama yu hai. Historia ya njia hii imeandikwa karibu yote na waliokuwa ndani ya ndege, wakitazama chini. Waliokuwa chini wakitazama juu, katika mashamba ya chai, kando ya ziwa na kule Faradje kwenye bwawa, hawakuulizwa waliona nini.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Shule ya Kericho au ya Bomet haihitaji ndege wala fedha nyingi ili kufanya kazi hii. Inahitaji ramani, rula, daftari na mwanafunzi aliye tayari kumwendea mzee wa kijiji kwa heshima na kumwuliza ni ndege gani iliyopita juu ya boma lao, ilitoa sauti gani, na watu waliipa jina gani.